Nilivyomaliza ugomvi wa namba kwa daftari la buku

Nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 13 huku Temeke. Bure kabisa, jioni nikishafunga kibanda changu cha kuchaji simu. Nasema bure kwa sababu kuna mzazi aliwahi kuniuliza mshahara wangu nauweka wapi.

Ugomvi wenyewe ni namba: nani kaanza, nani kala benchi, nani katolewa mapema. Kuna baba mmoja, nimwite Baba Namba Tisa, alikuwa anasimama nyuma ya goli akimpigia mwanawe kelele "Piga! Piga!" na mimi huku nasema toa pasi. Mtoto anabaki anatukodolea macho sote wawili, mpira ushaenda. Filimbi ya mwisho tu, baba huyu hapa: "Kocha, kijana wangu unambania. Kila siku wa kwanza kutolewa ni yeye!"

Kocha mmoja mkongwe akanishauri niite kikao cha wazazi wote, yaishe. Mungu amsamehe. Nilitaka tuongelee kelele za pembeni ya uwanja. Sijakaa sawa, mama mmoja kauliza hela za jezi ziko wapi. Mwingine akasema kipa anapangwa kwa sababu shangazi yake ananipikia (sijala hata sambusa yake). Wawili wakageukiana kudaiana hela za kikoba. Giza likatukuta pale, ajenda yangu iko mfukoni. Lalamiko la mtu mmoja lizungumze na huyo huyo mmoja, pembeni, tena si siku ya mechi.

Nikanunua daftari, buku na kitu. Jumamosi nikamwahi Baba Namba Tisa kabla mpira haujaanza. "Shikamoo mzee. Nisaidie leo, msaidizi wangu hayupo." Msaidizi sijawahi kuwa naye. Nikamwomba aandike dakika za kila mtoto, anapoingia na anapotoka. Kazi si ndogo: kwenye soka la vijana, sheria namba 3 inaruhusu aliyetolewa kurudi uwanjani, chama cha soka cha nchi kikiridhia, na mashindano yetu tunacheza hivyo. Watoto wanapanda na kushuka kama abiria wa daladala. Mzee wa watu kelele atapigia wapi? Macho kwenye saa, kalamu mdomoni: "Kocha, nani huyo kaingia? Mgongo hauna namba!"

Mechi kadhaa baadaye akajumlisha mwenyewe. Mwanawe ndiye anayeongoza kwa dakika. Kuna kadogo kamoja ka winga ya kushoto, dakika zake zinatia huruma. Akanifuata kanuna: "Huyu mbona humchezeshi?" Nilikuwa najua, ila ningemtoa Namba Tisa kwa hiari yangu mtaa usingelala.

"Basi tumtoe nani, mzee?"

Kimya. Kisha akamtaja mwanawe. "Ila kipindi cha pili tu," akaongeza haraka haraka.

Siku hizi anayelalamikia dakika namtuma kwake, na ni mkali kuliko mimi. Mama wa kipa alitaka kuchungulia daftari mpira ukiendelea, akaambiwa arudi nyuma ya mstari. Hela za jezi bado wananiuliza.