Siku Mama Aliponisindikiza kwa Daktari wa Ngozi

Mama hakualikwa. Alisikia kwa mama mdogo kwamba naenda hospitali ya KCMC, Moshi, kuonana na daktari wa ngozi, na asubuhi ile nilipofungua mlango nikamkuta kibarazani, kitenge cha kanisani mwilini, pochi kwapani. Alikuwa ameshuka na hiace ya kwanza kutoka Marangu.

"Mambo ya uso huendi peke yako," akasema. Nikachukua mfuko wangu tukaondoka.

Nilikuwa na miaka 34, mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja pale Moshi mjini. Usichanani chunusi zilinipita. Wenzangu wa kidato cha pili walikuwa wanatembea na leso usoni, mimi nang'aa tu. Zikaja kunidai baadaye, tena hazikukaa zinapokaa za watoto, kwenye paji la uso na puani. Zilishuka chini: kidevuni, kwenye mstari wa taya, mpaka karibu na sikio. Na hazikuwa zile za kichwa cheupe unazoweza kutumbua ukatulia. Uvimbe ulikuwa umezama ndani, mgumu kama punje ya hindi bichi, unauma ukilalia ubavu. Ukinywea unaacha doa jeusi, na doa linakaa miezi. Kabla halijafutika, jirani yake ameshaota.

Siku moja, tukiwa kwenye mada ya kubalehe, kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani kubalehe kunaisha lini?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu, nikageukia ubao, na nadhani siku ile niliandika ubaoni kuliko siku zote.

Ofisi ya walimu ndiyo ilikuwa na majibu. Una damu chafu, kunywa mlonge. Acha karanga. Acha parachichi. Olewa uzae, zitaisha zenyewe. Hakuna aliyesema kwa ubaya; ndivyo tulivyo, uso wa mwanamke ni mali ya umma na kila apitaye ana haki ya kutoa maoni. Maoni hayo mara nyingi yalikuja na zawadi, ndiyo maana nilikuwa na ule mfuko. Muuguzi aliyenipangia siku alisisitiza: njoo na kila kitu unachopaka, hata cha jikoni.

Jengo la ngozi liko ndani ya eneo la hospitali. Ni kituo kilichofunguliwa mwaka 1992 kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo ukienda pale usishangae kuulizwa maswali yaleyale na mwanafunzi kwanza, halafu na mkubwa wake. Tulikaa kwenye benchi pamoja na kina mama waliokuja na watoto wenye ualbino, kofia pana vichwani, wakisubiri losheni ya kukinga jua inayotengenezwa palepale kituoni. Mzee mmoja alikuwa amefungwa bandeji mguu mzima.

Mama akaninong'oneza, "Watu wana matatizo, sisi tumeleta chunusi."

Sikumjibu. Hayo nilishajiambia mwenyewe kwa muda mrefu, na ndiyo yaliyonichelewesha kufika pale.

Daktari alikuwa mtu wa rika la marehemu baba. Tukaamkiana, akampa mama kiti kizuri, akaniambia, "Haya mwalimu, mwaga."

Nikamwaga mfuko mezani. Akaanza kupanga vitu kushoto na kulia bila kusema kitu, na mimi nikawa namtajia kila kimoja kilikotoka. Liwa, ya jirani yetu Mtanga. Akainusa, akatabasamu, akaiweka kulia: haitaponya chunusi, lakini kama haikuwashi si adui. Mafuta ya nazi, kushoto. Kwa ngozi yenye chunusi yanaweza kuziba vinyweleo. Dawa ya meno, kushoto, kwa meno iko sawa. Chupa ya limau na asali ya mwalimu wa Jiografia, kushoto kabisa. Limau, akasema, ukilipaka kisha ukatoka juani linaweza kukuunguza na kukuachia madoa mabaya kuliko uliyokuwa unayakimbia. Kopo la krimu ya kung'arisha lisilo na orodha ya viambato hakulifungua. Alilishika kwa ncha za vidole akalitupa kwenye ndoo ya taka, akasema haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini kopo lisiloandikwa kitu halimwogopi mtu.

Mwisho akafikia tyubu ndogo ya mama mdogo. Akavaa miwani kuisoma.

"Hii inafanya kazi, au siyo?" akauliza.

Nikakubali. Wiki ya sherehe ya sendofu ya mdogo wangu ilinitengeneza uso ukawa laini.

"Ni klobetasoli. Steroidi kali kuliko nyingi tulizo nazo. Inazima wekundu na uvimbe upesi, unaipenda. Halafu ngozi inakuwa nyembamba, ukiiacha uso unalipuka, ukiendelea inakuletea chunusi zake yenyewe." Akaitia mfukoni mwa koti lake, nadhani ili mama asiiokoe.

Ndipo yakaja maswali, na hayakuwa yale niliyozoea. Hakuuliza nakula nini. Aliuliza zilianza lini, na zamani zilikuwa zikizidi siku chache kabla ya hedhi? Ndiyo. Hedhi zilikuwa zikija kwa mpangilio? Ndiyo, zamani. Nywele ngumu za kidevuni au kifuani? Za kichwani zinapungua? Hapana. Akamgeukia mama: "Na wewe mama, ulipokuwa na umri wake ulikuwa nazo? Mara nyingi zinatembea kwenye ukoo."

"Mimi?" mama akashika kifua. "Sijawahi."

Akaandika. Halafu, bila kuinua macho: "Mwalimu, unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?"

Sikuwa nimeolewa. Mama ni mama wa Jumuiya, mshika hazina wa kwaya. Nilitazama kalenda ya ukutani, nikatazama mikono ya daktari, kisha nikaona hakuna pa kwenda, nikagusa mkono wangu wa kushoto juu ya kiwiko, kwa ndani. "Kijiti."

"Cha lini?"

"Karibu miaka miwili."

Nilisikia pochi ya mama ikifunguliwa na kufungwa. Hakukuwa na kitu alichokuwa anakitafuta.

Daktari hakuonesha kwamba kuna jambo limetokea chumbani. Akachukua karatasi akachora kinyweleo na kifuko cha mafuta pembeni yake, akaeleza kama anavyoeleza mtu anayejua mwenzake naye hufundisha. Androjeni, ambazo watu huziita homoni za kiume ingawa kila mwanamke anazo, huviamuru vifuko vile vitoe mafuta. Mafuta yakizidi na seli zilizokufa zikaziba mlango, bakteria waliokuwamo siku zote wanastawi, mwili unaanza kupigana nao, na hapo unapata uvimbe. Kwa wanawake watu wazima vita hiyo hupenda kidevuni na kwenye taya. Na si lazima homoni ziwe nyingi. Wengi wakipimwa damu majibu yanatoka ya kawaida, ila vifuko vyao vinasikia amri kuliko vya wenzao. Kwa kuwa sikuwa na dalili nyingine, hakuona sababu ya kunipotezea hela kwenye vipimo vya homoni.

Kijiti chenye homoni ya aina moja tu, akaendelea, kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi, kwa wengine hazibadiliki, na wapo wanaopata nafuu.

"Basi kitolewe," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu nitaje kijiti.

"Kinaweza kutolewa, mama. Uamuzi ni wa mwalimu. Lakini ngoja nimwambie na upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa huu: dawa aliyofikiria kunipa, spironolaktoni, ilianza kama dawa ya presha na ya kupunguza maji mwilini, na baadaye ikaonekana inazuia androjeni zisifike kwenye vifuko vya mafuta. Haitakiwi mwanamke apate mimba akiinywa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Hata jeli ya kupaka usiku aliyotaka kuniandikia, adapalini, hawapewi wajawazito. Kile kijiti kilichoshukiwa kunichafua uso ndicho kilichonipa ruhusa ya kutibiwa. Nikasema kibaki. Mama akatazama dirishani.

Tulipofika kwenye potasiamu ndipo alipozinduka. Daktari alisema spironolaktoni huweza kuipandisha kwenye damu, kwa hiyo angepima figo zangu kwanza.

"Ndizi zina potasiamu," mama akasema, sauti imejaa hofu ya kweli. "Kwa hiyo asile mtori?"

"Mama, figo zikiwa nzima, mtori ale."

Nikatoka na karatasi: sabuni ya benzoili peroksaidi asubuhi, adapalini usiku kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwa kila chunusi, losheni ya kukinga jua kila siku, maana bila hiyo madoa hayaondoki, vidonge baada ya majibu ya damu. Na onyo kwamba nisimhukumu kabla ya miezi mitatu. Alikuwa sahihi, na ilikuwa miezi mirefu. Wiki za mwanzo ngozi ilikauka ikabanduka, chunusi zikaongezeka, na ofisi ya walimu ikafufua habari ya damu chafu. Kufikia mwezi wa nne uvimbe ulikuwa umeacha kuja. Madoa yalichukua karibu mwaka.

Siku ile tulishuka mpaka stendi bila kuongea. Mama akanunua maji, akanipa chupa yangu, akakaa kwenye hiace ya Marangu iliyokuwa bado inatafuta abiria. Nikasimama dirishani kwake.

"Kinauma kukiweka?" akauliza.

"Wanachoma ganzi."

Akatikisa kichwa. Konda alipiga ubavu wa gari, akaita watu wa Himo.

"Baada ya kukuzaa wewe zilinitoka hapa," akasema, akipitisha kidole kwenye taya yake. "Miaka. Baba yako akasema ni moshi wa jikoni, akanijengea jiko la nje."

"Mbona ulimwambia daktari hujawahi?"

"Na wewe mbona hukuniambia una kijiti?"

Kisha akatoa simu kwenye pochi, akampigia mama mdogo, na mpaka hiace inaondoka alikuwa bado anamfokea kuhusu ile tyubu.