Kompyuta utapata tu, ghali ni vya kushika

Kwenye mambo ya kucheza gemu, nimeacha kubishana na watu kuhusu kadi za picha, zile za ndani ya kompyuta zinazochora gemu kwenye skrini. Kwa mtu wa Dar mwenye kipato cha kawaida, mashine yenyewe siku hizi haina ugomvi mkubwa. Dell OptiPlex zilizostaafishwa maofisini huko Ulaya zinashushwa Kariakoo kila mara, na ukijua kupatana unaondoka na yenye Core i5 na RAM ya GB 8 kwa laki tatu na ushee. Angalia tu usinunue ile nyembamba halafu ukaenda kutafuta kadi ndefu. OptiPlex 7050 ndogo inameza kadi ya nusu kimo tu, na pawa saplai yake ni ya wati 180, haina waya wa ziada wa kulishia kadi. Unatafuta kadi inayoridhika na wati 75 za pale inapochomekwa, kama GTX 1650 ya nusu kimo. Ni toleo la 2019, ila gemu za soka na za malori inazibeba bila kuhema.

Pesa inaliwa kwenye vya kushika mkononi.

Chukua pedi ya kuchezea gemu. Pedi halisi ya PlayStation 5 huko Marekani inauzwa karibu dola 75. Ikifika dukani kwetu, ikishaongezwa usafiri, kodi na faida ya muuzaji, laki mbili inapita. Pembeni yake wamepanga nyingine ya elfu thelathini, boksi lile lile, maandishi yale yale. Muuzaji mwenye haya atakuambia mwenyewe, "Bosi, hii kopi."

Mwenye banda la gemu mtaani kwetu Tabata hanunui kingine zaidi ya kopi, na simlaumu. Mechi moja mia tano, na kuna watoto wakifungwa dakika ya 90 wanaitupa pedi sakafuni. Laki mbili ya kutupwa sakafuni aitoe wapi? Pedi yake ya kwanza kushoto, ile wanayoigombania, raba ya analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, ilishaisha zamani. Kaivisha kipande cha tyubu ya baiskeli na kukifunga kwa uzi. Ukicheza mechi tatu kidole gumba kinatoka cheusi. Lakini inapiga chenga, hiyo sibishi.

Kinachoniudhi ni kwamba hata halisi inakufa kwa ugonjwa ule ule. Ndani ya analogi kuna njia ya kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaosugua juu yake kila unaposukuma. Kaboni inalika, vumbi linaingia, na siku moja mchezaji wako anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kwenye kibendera cha kona. Analogi za sumaku, zinazoitwa Hall, hazina msuguano huo: sumaku inasogea, kihisi kinasoma, hakuna kinachogusana. Cha ajabu, pedi halisi ya kawaida ya PS5 bado inatumia kaboni, wakati kampuni ya 8BitDo ilitoa pedi yake ya Ultimate 2C yenye Hall mwaka 2024 kwa dola 30 hivi. Aliyelipa zaidi ya mara mbili ndiye anayerudi kwa fundi.

Na fundi si kazi ndogo. Kubadilisha analogi moja ya PS5 ni kuyeyusha risasi kwenye matundu 14 bila kuunguza bodi, halafu uikalibreshe upya ijue katikati yake. Fundi simu mwenye mkono mtulivu anaweza. Yule mwenye pasi ya kuchomelea redio, mpe redio.

Usukani sasa, ndiyo habari nyingine kabisa. Vijana wengi wa hapa wameingilia kwenye gemu la mabasi la Indonesia kwenye simu, wakayavisha mabasi rangi za makampuni yetu ya mikoani, na baada ya hapo hamu ya kushika usukani wa kweli haiishi. Usukani wa Logitech G29, uliotoka 2015, bei yake ya Marekani ilikuwa dola 400. Unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu toka mwisho hadi mwisho, na unapata pedeli tatu: mafuta, breki, klachi. Gia ya mkono? Inauzwa peke yake. Yaani wamekupa klachi, gia ukanunue.

Kuagiza nje nako kuna mtego. Mzigo wa ndege hautozwi kwa uzito wa mizani peke yake. Boksi likiwa kubwa wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha wanagawa kwa 6000 au hata 5000. Boksi la 40 kwa 40 kwa 30, ukigawa kwa 6000, ni kilo 8 kwenye karatasi, hata kama ndani nusu ni hewa. Ongeza VAT ya asilimia 18.

Ukikuta usukani wa mtumba, chomeka kwenye kompyuta kabla ya kutoa hela, fungua joy.cpl kwenye Windows, dirisha la kujaribia pedi na usukani, kisha kanyaga breki polepole. Mstari ukipanda kwa kurukaruka, pedeli zina uchafu ule ule wa kaboni. Spirei ya kusafishia vifaa vya umeme mara nyingi inatosha, na hiyo ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Kuna mdogo wangu wa chuo alikuwa na laki saba, akataka nimpangie. Kompyuta laki tatu na thelathini, kadi ya mtumba laki mbili na nusu, pedi ya Hall laki moja na ishirini mpaka imfikie, skrini atumie TV ya nyumbani. Usukani nimeukata. Vitufe vya nyuma vya pedi vinabonyea kidogo kidogo, kwa hiyo basi lake la kwenye gemu analifunga breki taratibu bila kumwaga abiria. Akakubali yote, kisha akauliza kibodi ya mataa inaanzia shilingi ngapi.