Asilimia 65 ya Akina Nani?

Kila mwezi wa Juni, Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford inapotoa ripoti yake kuhusu habari za kidijitali, vyumba vya habari vya Nairobi hupata takwimu ya kujivunia. Mwaka 2025 ripoti hiyo ilionyesha kwamba asilimia 65 ya waliohojiwa nchini Kenya wanaziamini habari nyingi mara nyingi, ilhali wastani wa masoko 48 yaliyochunguzwa ulikuwa asilimia 40. Takwimu hiyo sina ugomvi nayo, kwani imekusanywa na watafiti makini. Linaloniudhi ni kwamba inapofika kwenye taarifa ya saa moja jioni, waliohojiwa huwa wamekwisha kugeuzwa Wakenya wote.

Hojaji ya utafiti huo hujazwa mtandaoni kupitia kampuni ya YouGov, na ripoti yenyewe haifichi kwamba sampuli ya Kenya ni ya watumiaji wa intaneti wanaozungumza Kiingereza, ambao aghalabu ni vijana. Sensa ya mwaka 2019 ilibaini kwamba asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa wakitumia intaneti. Idadi hiyo imepanda tangu wakati huo, lakini bado kuna mamilioni ya watu ambao habari zao zote hutoka redioni, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na ambao hojaji ile haiwezi kuwafikia kamwe. Watu 2,000 waliochaguliwa kwa nasibu hutoa matokeo yenye ukingo wa makosa, yaani tofauti inayoweza kutokea kwa bahati tu, wa takriban asilimia 2 juu au chini. Hesabu hiyo, hata hivyo, haiwezi kumfidia mtu ambaye hakuwa na nafasi yoyote ya kuulizwa.

Halafu kuna swali lenyewe. Mhojiwa hupewa kauli kwamba habari nyingi zinaweza kuaminiwa mara nyingi, kisha huchagua jibu moja kati ya matano, na wanaokubali kwa kiasi hujumlishwa na wanaokubali kabisa. Nilimuuliza mama mboga wetu hapa Kangemi, ambaye redio yake haizimwi tangu alfajiri, kama anaviamini vyombo vya habari. Aliendelea kukatakata sukuma wiki, kisha akaniuliza: "Habari za nini? Za bei ya unga, za mpira, ama za wanasiasa?" Za bei ya unga anaziamini kwa sababu huzipima mwenyewe dukani, za wanasiasa husubiri hadi azisikie kwenye stesheni mbili. Mtu mmoja hathibitishi lolote kuhusu nchi nzima, lakini jibu lake lina imani za aina mbili zilizopimwa kwa uzoefu, na sioni angeweka alama wapi kati ya visanduku vile vitano.

Wakati nao una uzito wake. Mahojiano ya ripoti hiyo hufanywa mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Januari na Februari. Asilimia 64 iliyotangazwa Juni 2024, mwezi ambao vijana waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha na wengi wao kufuatilia matukio kwenye simu zao, ilikuwa imepimwa miezi kadhaa kabla ya maandamano hayo. Yeyote aliyeitumia kueleza vijana waliionaje runinga wiki ile aliitwisha mzigo usio wake.

Anayetaka sampuli ya nchi nzima atazame Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, ambao huwahoji takriban watu 2,400 nchini Kenya, ana kwa ana, kwa lugha anayoichagua mhojiwa. Maswali yake kuhusu vyombo vya habari, hata hivyo, huelekea zaidi kwenye uhuru wa vyombo hivyo na wajibu wao wa kuichunguza serikali, kwa hiyo majibu yake hayawezi kuwekwa bega kwa bega na ile asilimia 65. Kwangu mimi, ripoti ya Oxford ina manufaa makubwa zaidi katika kufuatilia mwenendo wa kundi lilelile, mwaka hadi mwaka, kwa swali lilelile, na hata hapo naanzia kwenye ukurasa wa mbinu za utafiti kabla ya kuutazama mchoro wowote.