Herufi ndogo zilivyonizuia kurusha wanafunzi
Nafundisha urubani kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hapa Dodoma. Juzi nilipokwenda kupima afya, ubao wa mbali niliusoma wote. Kadi ya karibu ikanishinda, herufi zimekuwa sisimizi. Daktari hakusaini. Leseni ya ukufunzi unayo mfukoni, lakini bila cheti hai cha afya huruki na mwanafunzi.

Nikasingizia vumbi la kiangazi. Kumbe ni umri tu! Fundi miwani mjini akanitengenezea ya nusu: juu wazi nione njia ya kurukia, chini lenzi ya kusomea ramani. Nikarudi mbio na moja. Kosa. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka na ya akiba, iwe karibu na mkono. Nikaongeza ya pili, cheti kikasainiwa. Sasa moja iko puani, nyingine mfuko wa shati.