Kabla ya Kutamka Kwamba Bodi Imekufa

Mwalimu aliileta kompyuta yake ya mpakato Jumapili alasiri ikiwa imefungwa kwenye khanga, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mafundi wawili wameshaniambia bodi imekufa, nitafute nyingine. Lakini humu mna tenzi za marehemu mama, alikuwa akizitamka nami nikizichapa."

Nilipoifungua khanga nilikuta ThinkPad T42 ya IBM, toleo la mwaka 2004, yaani mwaka mmoja kabla ya Lenovo kukamilisha ununuzi wa kitengo cha kompyuta za binafsi cha kampuni hiyo. Kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Muskat ndiye aliyemletea, ikakaa naye hapa Tanga miaka yote hiyo, hatua chache kutoka baharini. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, haikutoa taa wala sauti ya feni.

Neno "bodi imekufa" linaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu mara nyingi hutamkwa kabla hata mita ya kupimia umeme haijatolewa mkobani. Bodi, yaani sakiti kuu ya kompyuta, huweza kufa, sikatai, lakini hiyo ni hukumu inayopaswa kuja mwisho, baada ya kuufuata umeme kuanzia ukutani, kupitia chaja, tundu la chaji, betri, vipande vya ramu (kumbukumbu ya muda) na kuendelea, hadi mahali ambapo njia imekatika. Anayeanza na bodi ameanza safari kutoka mwisho wake.

Kabla sijagusa lolote lingine niliitoa diski, ambamo mafaili huhifadhiwa. Kwenye T42 diski hukaa ubavuni, imeshikwa na skrubu moja tu, nayo ni ya aina ya zamani yenye pini 44, kwa hiyo inahitaji adapta yake ili isomwe kwa USB kwenye kompyuta nyingine. Niliinakili yote kwa programu ya GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha zile sugu kwa mzunguko wa baadaye, badala ya kung'ang'ania doa moja bovu huku diski ikizidi kuchoka. Diski ilisomeka yote. Nilimpigia simu Mwalimu usiku uleule kumwambia kwamba tenzi ziko salama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Sasa na kompyuta yenyewe uniwashie, maana vidole vyangu vimeizoea kibodi ile."

Basi nikarudi ukutani. Chaja aliyokuja nayo haikuwa ile ya awali, ilikuwa ya bei nafuu ya kununua dukani. Chaja ya T42 hutakiwa kutoa volti 16, na nilipoigusisha mita ilisoma 16.2, kipimo ambacho fundi mwenye haraka angeridhika nacho na kusonga mbele kulaumu bodi. Lakini mita haivuti umeme wa kutosha kuijaribu chaja. Mimi huwa na balbu ya lori ya volti 24 na wati 21, niliyoiunganishia waya mbili, na huitumia kama mzigo. Nilipoiunganisha, balbu iliwaka mara moja kwa mwanga mwekundu kisha ikafifia, na mita ikaporomoka hadi chini ya volti 8. Chaja inayoonyesha volti kamili ikiwa haina kazi, halafu inaanguka inapobebeshwa chini ya ampea moja, ni mbovu, na kompyuta inayolishwa nayo itaonekana mfu hata kama ni nzima kabisa.

Niliazima chaja ya volti 16 na ampea 4.5 kutoka kwa rafiki. Hapa naomba uangalifu, kwa sababu ThinkPad zilizofuata, kuanzia familia ya T60, zilihamia volti 20 na plagi nyingine yenye pini katikati, na nimewahi kuona watu wakibadilisha plagi ili chaja mpya iingie kwenye mashine ya zamani. Tafadhali usifanye hivyo. Kabla ya kuichomeka niliondoa betri, nikakibonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili kapasita za ndani zimalize umeme uliobaki, ndipo nikajaribu tena. Taa ya kijani iliwaka na feni ikazunguka. Kioo kilibaki cheusi.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Nilitoa kila kitu ambacho mashine haikihitaji ili kuanza, yaani kadi ya modemu, kadi ya waifai na kisomea sidii, halafu nikatoa vipande vyote viwili vya ramu, kimoja kilichokuwa chini ya kifuniko cha tumboni na kingine kilichokuwa chini ya kibodi. Nikaiwasha ikiwa tupu namna hiyo. Ikapiga mlio.

Ningependa kila anayejifunza kazi hii asimame hapo kidogo. Kompyuta isiyo na ramu inapolia, maana yake prosesa, ubongo wa kompyuta, imeamka, imesoma programu ya msingi iliyomo kwenye chipu ya bodi, imeitafuta ramu, haikuipata, na imelalamika. Bodi iliyokufa haiwezi kulalamika. Mlio ule wa sekunde chache ulifuta hukumu ya mafundi wawili, na ulipatikana kwa bisibisi tu. Kama ingekaa kimya ningeshuku prosesa au bodi yenyewe, na hapo ndipo ningeanza kupima volti moja baada ya nyingine juu ya bodi.

Kwa kuwa ililia ikiwa haina ramu na kunyamaza ikiwa nayo, tatizo lilikuwa kwenye ramu au kwenye nafasi zake. Nilivitazama vipande kwa lenzi ya mkononi. Kwenye meno ya dhahabu ya kipande kimoja kulikuwa na vidoa vya kijani, vidogo kama mbegu za mchicha, na kwenye nafasi yake pini mbili zilikuwa zimefifia rangi. Wanaoishi pwani wanaujua ukijani huu, kwani upepo wa chumvi hupenya kwenye matundu madogo ya dhahabu na kuila shaba iliyo chini. Wengi husugua meno ya ramu kwa ufutio wa penseli, lakini mimi sipendi, kwa kuwa tabaka la dhahabu ni jembamba sana na ukilimaliza umeifungulia chumvi mlango. Natumia alkoholi ya isopropili na brashi laini, polepole, kisha nachomeka na kuchomoa kipande mara kadhaa ili pini zijisafishe zenyewe kwa msuguano. Kipande kimoja kilikubali, chenye vidoa kilikataa, nikakibadilisha kwa kingine cha DDR cha aina ileile.

Safari hii mashine haikupiga mlio wa malalamiko, lakini kioo kiliendelea kuwa cheusi. Nilizima taa ya chumba na kumulika kioo kwa tochi kwa upande. Maandishi yalikuwepo, hafifu kama wino uliooshwa: kosa 0271, likitaka nikague tarehe na saa. Kwa hiyo picha ilikuwepo, kilichokosekana ni mwanga wa nyuma. Vioo vya wakati huo haviwaki kwa LED, vina mrija mwembamba wa floresenti unaolishwa na kibao kidogo kinachopandisha volti chache kuwa mamia ya volti, na ndiyo sababu hakiguswi mashine ikiwa imewashwa. Plagi ya kibao hicho ilikuwa imelegea, pengine tangu fundi mmojawapo alipofungua kioo. Niliisukuma ikakaa sawasawa, na mwanga ukaja.

Kosa 0271 halikunishangaza. Betri ndogo ya duara ya CR2032, inayotunza saa mashine inapokuwa imezimwa, inatakiwa kuwa na volti 3, na hii ilikuwa na 1.1. Nilinunua mpya yenye waya zake, kwa sababu kulehemu waya moja kwa moja juu ya betri ya namna hii huipasha joto na inaweza kupasuka. Kisha niliingia kwenye mipangilio kwa F1 na kuweka tarehe. Ukinunua mashine ya mtumba ya aina hii, bonyeza F1 kabla ya kulipa: ikiwa ina nenosiri la msimamizi, usidanganywe kwamba kuitoa betri hiyo kutalifuta. Nenosiri hilo hukaa kwenye chipu nyingine isiyosahau.

Kwa mashine zenye umri mkubwa zaidi, zile za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, ningeanza kwa pua na macho badala ya mita. Kapasita za wakati huo huvuja kimiminika kinachokula njia za shaba, na betri za nikeli zikivuja huacha magadi ambayo mimi huyatuliza kwanza kwa siki kidogo, kisha kwa maji safi na alkoholi, ndipo niikaushe bodi kabisa.

Diski ya awali niliifunga kwenye bahasha, nikaweka SSD ndogo ya mSATA, diski isiyo na sehemu inayozunguka, kwenye adapta ya pini 44. Kwa mfumo endeshi nilichagua Debian 12, toleo la Linux, kwa kuwa Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32 kama ya T42. 

Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya swala. Mrija wa kioo umezeeka, kwa hiyo kila inapowashwa huanza na rangi ya waridi kwa dakika moja kabla ya kuwa mweupe, nikamwambia naweza kumtafutia kioo kingine. Alikuwa ameshafungua faili la utenzi wa kwanza, akasoma beti mbili kwa sauti ndogo, akasahihisha neno moja katika kituo.

"Kiache hivyohivyo," akasema, akaendelea kuchapa.