73939133, namba inayokatwa mkia na bado ni tasa

Jamani hebu iangalieni hii namba: 73939133. Kwa macho haina mvuto wowote. Ni namba tasa, haigawanyiki kwa kitu zaidi ya 1 na yenyewe, sawa, hizo ziko nyingi hazina mwisho. Ila hii ukifuta tarakimu ya mwisho inabaki 7393913 na nayo ni tasa, futa tena, 739391, tasa, 73939, 7393, 739, 73, mpaka unafika 7, zote tasa!

Na ndo kubwa kuliko zote za aina yake. Ziko 83 tu, yenye tarakimu tisa haipo hata moja.

Kinachonifurahisha mimi lakini sio rekodi, ni kwa nini zinaisha. Ukitaka kuirefusha namba huweki tarakimu yoyote tu, ukiweka 0, 2, 4, 6 au 8 inagawanyika kwa 2, ukiweka 5 inagawanyika kwa 5, kwahiyo umebaki na 1, 3, 7 na 9. Halafu inakuja ile kanuni ya 3 tuliyofundishwa shule, ya kujumlisha tarakimu. Chukua 73939, jumla ni 31, gawa kwa 3 baki ni 1. Ongeza 1 pale mwisho, jumla 32, baki 2, bado uko salama ila hapo umeshajifunga, maana ukiweka tena 1 au 7 jumla inagawanyika kwa 3 na kwisha habari, kuanzia hapo ni 3 na 9 tu basi. Sasa rudi uone mkia wa namba yetu: 1, halafu 3, halafu 3. Zinazoanza na 2 au 5 ndo zimefungwa toka mwanzo, maana baki ni 2 tayari, cheki 23399339. Na namba zikizidi kukua tasa zinazidi kuwa adimu, kwahiyo ukiwa na chaguo mbili tu kila hatua lazima utakwama mahali.

Kuna wanaokata kutokea kushoto, huko bingwa ni 357686312646216567629137, tarakimu 24 (sifuri hairuhusiwi, ukiiruhusu mchezo unaharibika). Huku mwisho wa namba haubadiliki kwahiyo kanuni za 2 na 5 hazikusumbui, ndo maana ziko 4260.

Najua kuna mtu atasema hizi ni sifa za maandishi tu, badilisha mfumo wa kuandika namba na yote yanapotea. Kweli kabisa, ila mimi naona hapo ndo utamu unaongezeka. Kwenye binari, yaani mfumo wa kuandika namba kwa 0 na 1 tu, tarakimu pekee ya kuongeza ni 1 (ukiweka 0 inagawanyika kwa 2), yaani unazidisha namba kwa 2 unajumlisha 1. Anza na 3: inakuja 7, halafu 15, umekwama. Anza na 2 uone: 5, 11, 23, 47, zote tasa, halafu 95, ambayo ni 5 mara 19.