Tawanyikeni, sawa, ila tupitie wapi?

Kila nikisikia neno "tawanyikeni" nakumbuka siku moja ya maandamano, tena ya amani kabisa, mabango na filimbi tu. Afande alishika kipaza sauti akatangaza, najua hivyo kwa sababu niliambiwa baadae, maana sisi wa katikati hatukusikia kitu, watu wanaimba, tukaona tu wa mbele wanarudi kinyumenyume wanatukanyaga, mara puu, bomu la machozi linabingirika miguuni linafuka moshi. Nyuma magari ya polisi yamefunga barabara, mbele ngao. Sasa unatawanyikia wapi, juu?

Hapo ndo huwa sielewi. Kuzingira watu ni mbinu inayojulikana, London tarehe 1 Mei 2001 waandamanaji walizungushiwa na polisi pale Oxford Circus karibu masaa saba, hadi wapita njia wasio na habari na maandamano wakanasa humohumo, kesi ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na 2012 majaji wengi wakasema eti ule haukuwa kunyimwa uhuru. Haya. Lakini kuzingira halafu upige na gesi juu yake? Mtu asiyeona pa kutokea atasukuma, akisukuma anaambiwa kafanya fujo.

Na hiyo gesi yenyewe, Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993 unakataza kuitumia kama mbinu ya vita ila polisi kutulizia ghasia ruksa. Sababu wanayotoa ni kwamba vitani adui akiona moshi hajui ni gesi gani, anaweza kujibu na kitu kibaya zaidi, sawa nimewaelewa, ila mapafu yangu hayajui kama hii ni vita au ni Jumanne.

Wakati haya mambo yameshaandikwa. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya UN ilifafanua ibara ya 21 ya mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ile ya haki ya kukusanyika kwa amani, ikasema gesi ya machozi mpaka watu waonywe kwanza wapewe na nafasi ya kuondoka, na isipigwe sehemu iliyofungika. Wachache wakirusha mawe haimaanishi mkutano mzima ni wa fujo. Hata kutokutoa taarifa mapema peke yake sio sababu ya kutawanya watu, hii wengi hawaijui, polisi wenyewe nadhani wapo wasioijua.

Siku ile tulitokaje? Askari mmoja kijana alimuona mama ana mtoto mgongoni anakohoa, akasogeza ngao pembeni, "mama pita." Mama akapita, na sisi tukajipenyeza nyuma yake, mkubwa wake anamfokea lakini wapi, tulishatoka kama hamsini, tunatembea tu, hakuna aliyerusha hata chupa. Mimi nilifika nyumbani na kiatu kimoja.